CHOO HUJAA: SOMO KUTOKA MCHIKICHINI

Gazeti letu ni la vijijini, na wengi wetu ni wakulima na wafugaji. Lakini leo tunakwenda mjini, Dar es Salaam, katika kata ya Mchikichini. Msishangae. Nani kati yetu hana ndugu Dar es Salaam? Nani hajapata kupeleka gunia, tenga au mkungu wa ndizi Kariakoo, au hamjui aliyepeleka? Mjini na kijijini tunakula chakula kimoja na tunapanda basi moja. Ugonjwa ukitokea huku hufika kule.

Somo letu linahusu choo. Wapo watakaocheka. Wacheke tu, kisha wasome. Choo ni jambo la aibu kulitaja, lakini kipindupindu hakina aibu. Kinaingia nyumba ya mwenye nacho na ya asiye nacho.

Tukimaliza somo hili tutaweza kufanya mambo matatu:

1. Kueleza jinsi uchafu wa nyumba moja unavyofika kwenye sahani ya nyumba nyingine.
2. Kueleza kwa nini kazi nyingi za maendeleo huanza vizuri, halafu hulala.
3. Kupiga hesabu ya choo chetu wenyewe: kitajaa lini, na siku hiyo tutafanya nini.

Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Msiende haraka. Mkifika penye swali, simameni mjadili.

MCHIKICHINI NI WAPI?

Ukitoka Kariakoo ukafuata Barabara ya Uhuru kuelekea Ilala, utafika Karume. Hapo kuna soko kubwa la mitumba. Watu wanalijua toka mikoani. Hiyo ndiyo kata ya Mchikichini, wilaya ya Ilala. Mchikichi, kama mnavyojua, ni ule mti wa mawese.

Kata hii ina sehemu ya juu na sehemu ya bondeni. Mtaa mmoja unaitwa Msimbazi Bondeni, na jina lenyewe linasema kila kitu. Mto Msimbazi unaanza kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Unapita Vingunguti na Buguruni, unafika bonde la Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya mitaro, maji ya viwandani na takataka za watu wengi.

Kiangazi mto huu ni mdogo, unaweza kuudharau. Masika unakuwa mwingine kabisa. Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko, na nyumba nyingi za bondeni zilizama. Serikali iliwapa baadhi ya waliopoteza makazi viwanja Mabwepande, mbali na bonde.

Katika bonde hilo hilo watu wanalima mboga. Mchicha, matembele na mboga nyingine hustawi, maana ardhi ina rutuba na maji yako karibu. Mboga zinavunwa asubuhi, na muda si mrefu ziko sokoni. Mlimaji anapata riziki yake, mlaji anapata mboga mbichi ya bei nafuu. Ni jambo jema. Lakini maji ya kumwagilia yanatoka wapi? Shikeni swali hilo, tutalirudia.

NYUMBA YA MFANO

Sasa tuchukue nyumba moja ya mfano. Hatutaji mwenyewe wala namba ya nyumba. Lakini mtu wa Mchikichini akisoma habari hii atasema, "Mbona hii ni nyumba yetu!"

Ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku. Kila chumba kina familia ya wapangaji au vijana wawili watatu. Jumla ni watu 20. Uani kuna jiko, kamba za kuanikia nguo, na choo kimoja cha shimo. Choo hicho kilichimbwa na marehemu baba mwenye nyumba, wakati nyumba ilikuwa ya familia moja. Siku hizo kilitosha.

Asubuhi moja mpangaji wa chumba cha mbele anamwendea mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Ila choo kimejaa. Watoto wanaogopa kuingia."

"Nimeshaona, baba. Nimeuliza gari la majitaka. Wanasema uchochoro ni mwembamba, haliingii. Na hela yenyewe iko wapi? Kodi mmenilipa nusu."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Tungoje mvua."

Tungoje mvua! Maneno mawili tu, lakini ndani yake mna kaburi. Usiku wa mvua kubwa, watu wamelala, kijana anapewa kijihela na ukuta wa shimo unatobolewa kwa chini. Kinyesi kinatoka, kinachukuliwa na maji ya mvua, kinaingia mtaroni. Watu wa Dar es Salaam wana neno lao kwa kazi hii: kutapisha choo. Asubuhi choo ni kitupu, na nyumba inashukuru Mungu.

Lakini uchafu haukupotea. Umehama tu. Tuufuate hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: uchafu unapita mtaroni, mbele ya nyumba za majirani. Watoto wanacheza humo na nzi wanatua humo.

Hatua ya pili: unaingia mto Msimbazi, na mwingine unapenya kwenye visima vifupi vya bondeni.

Hatua ya tatu: mlimaji anachota maji ya mto kwa ndoo na kumwagilia mchicha. Maji yanabaki kwenye majani.

Hatua ya nne: mchicha unafika sokoni. Mama lishe anaununua, anauosha kwa maji ya kisima kile kile, anaukatakata kwenye ubao. Mchicha ataupika, na moto utaua vijidudu. Lakini ubao ule ule na kisu kile kile anavitumia kukatia kachumbari, na kachumbari haipikwi.

Hatua ya tano: mteja anakula. Mteja ni nani? Ni yule mpangaji wa chumba cha mbele. Ameacha nauli, ananunua chakula cha mchana, na kinachobaki anampelekea mwanawe nyumbani.

Mmeona? Uchafu umetoka katika nyumba ile, umezunguka bonde zima, umerudi mlangoni. Mama mwenye nyumba hakumtakia mtu mabaya. Mlimaji hakutaka kumdhuru mtu, wala mama lishe. Kila mmoja alifanya alichoweza kwa hela aliyokuwa nayo. Hata hivyo mtoto anaumwa.

KIPINDUPINDU NI UGONJWA GANI?

Kipindupindu kinaletwa na kijidudu kidogo mno, hakionekani kwa macho. Kinaishi katika kinyesi cha mgonjwa na katika maji yaliyochafuliwa. Kinaingia kwa mdomo tu. Mtu akikimeza, anaweza kuugua baada ya saa chache au mpaka siku 5. Anaharisha maji meupe kama maji ya mchele. Anatapika. Macho yanaingia ndani, ngozi inakunjamana, miguu inakaza. Asipopata maji mwilini, anaweza kufa siku hiyo hiyo. Na wapo wanaobeba kijidudu bila kuugua. Wanatembea, wanafanya kazi, huku kinyesi chao kinaambukiza wengine.

Zamani watu wa Ulaya waliamini ugonjwa huu unaletwa na hewa mbaya. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi katika mtaa mmoja wa mji wa London. Daktari mmoja, John Snow, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza: maji mnachota wapi? Akaona wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Baadaye iligundulika kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisimani, na katika nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa ameharisha mpaka akafa. Basi mambo ya Mchikichini si mapya. London nayo iliuguzwa na choo cha jirani.

Hapa kwetu, mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kilienea sehemu nyingi za Tanzania. Agosti 2015 mlipuko mwingine mkubwa ulianza Dar es Salaam na kufika mikoani. Mpaka mwaka 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua, na zaidi ya 500 walikuwa wamekufa. Angalieni jinsi ulivyokwenda: ulianzia mjini, ukafika vijijini. Ndiyo maana tunasema Mchikichini si mbali.

AKIUGUA MTU, TUFANYE NINI?

Msingoje. Mpeni maji yenye sukari na chumvi hapo hapo, na mumpeleke kituo cha afya. Kama mna paketi za ORS, fuateni maelezo yaliyoandikwa. Kama hamna, tengenezeni hivi:

- Maji safi na salama, lita 1.
- Sukari, vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa.
- Chumvi, nusu ya kijiko kidogo kilichosawazishwa.

Koroga mpaka viyeyuke. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, mara nyingi, hata kama anatapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Msidharau dawa hii kwa sababu ni rahisi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India na kipindupindu kikawaingia. Katika kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akiishiwa dripu. Akawanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, na ndugu zao wakasaidia kuwanywesha. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa dawa hii vifo vilishuka mpaka chini ya 4 katika kila 100. Ndugu wa mgonjwa, mwenye kikombe na kijiko, aliokoa maisha.

Hiyo ndiyo kazi ya elimu.

TULIWAHI KUFANYA: MTU NI AFYA

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Nchi nzima ilikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Ilikuwa ya wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujifunza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu, na walisikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mmoja aliwasomea wenzake. Walijifunza habari za malaria, kichocho, kuhara, safura na kifua kikuu.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Wanasikiliza. Wanasoma. Wanajadili: je, jambo hili liko kwetu? Kisha wanaamua kazi na kwenda kuifanya. Waliosoma habari za mbu walifukia madimbwi. Waliosoma habari za kuhara walichimba vyoo. Vyoo vingi sana vilichimbwa mwaka ule.

Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, juu ya kilimo na lishe. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Na wakati wote huo madarasa ya kisomo yaliendelea. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha wamebaki kama 10 katika kila 100. Nchi chache sana zilipata kufanya hivyo.

Sasa tuseme ukweli, maana somo lisilo na ukweli ni hadithi. Mambo hayo hayakudumu yote. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamerudi kuwa karibu 30 katika kila 100. Vyoo vya 1973 navyo vilijaa, vingine vikabomoka. Na kipindupindu cha 1977 kilitukuta miaka minne tu baada ya Mtu ni Afya.

Je, wazee walikosea? Hapana. Walichimba vizuri. Lakini shimo la choo si kisima cha mafuta kwamba ukishachimba umemaliza. Shimo hujaa. Darasa nalo hivyo hivyo: watoto wapya wanazaliwa kila mwaka, na mtu mzima aliyejua kusoma, asiposoma, anasahau. Kazi ya maendeleo ina siku ya kuanza, ambayo ina ngoma na mgeni rasmi. Ina pia siku ya kujaa. Siku hiyo haina ngoma wala mgeni rasmi. Tunabaki sisi wenyewe.

Serikali inaendelea na juhudi. Katika miaka ya karibuni tumesikia kampeni ya Nyumba ni Choo, na mwaka 2024 jina la Mtu ni Afya lilirudishwa. Hayo ni mazuri. Lakini kampeni itapita, na choo chako kitabaki uani kwako. Ni nani atakayekumbuka kitajaa lini?

HESABU YA CHOO

Tupige hesabu. Chukueni kalamu.

Wataalamu hukadiria kuwa mtu mmoja, katika choo cha shimo kikavu, hujaza kama lita 50 kwa mwaka. Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu maji yanazama ardhini na uchafu unaoza na kushuka.

Tuseme shimo lina upana wa mita 1, urefu wa mita 1 na kina cha mita 3. Nusu mita ya juu haitumiki, maana choo lazima kifungwe kabla ya kufurika. Inabaki mita 2 na nusu. Hizo ni lita 2,500.

Familia ya watu 6 kijijini: 6 mara 50 ni lita 300 kwa mwaka. 2,500 gawanya kwa 300 ni miaka 8 na kidogo.

Nyumba yetu ya Mchikichini, watu 20: 20 mara 50 ni lita 1,000 kwa mwaka. 2,500 gawanya kwa 1,000 ni miaka 2 na nusu tu!

Na kama watu wanatupa humo matambara, chupa na takataka, au kama maji ya ardhini yako juu kama bondeni, kitajaa mapema zaidi.

Mnaona sasa? Kujaa kwa choo si ajali. Kuna tarehe. Mama mwenye nyumba alishtuka kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu.

Hesabu ya pili ni ya fedha. Tuseme kila chumba kinatoa shilingi 500 kwa wiki. Vyumba 6 mara 500 ni shilingi 3,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 156,000. Bei ya kunyonya choo hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwanza. Lakini nyumba yenye fedha hizo kwenye daftari itazungumza na wenye gari, au na vijana wenye pampu ya mkono wanaoweza kupita uchochoroni. Nyumba isiyo na kitu inangoja mvua.

JIFYA MOJA HALIINJIKI CHUNGU

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Maendeleo yana mafiga matatu: elimu, afya na kilimo. Ukiondoa moja, chungu kinapinduka.

Bwana afya akija Mchikichini akasema "Msitapishe choo," akaondoka, amefanya kazi ya figa moja. Watu wataogopa faini wiki mbili, kisha watangoja mvua.

Bwana shamba akimwambia mlimaji "Acha kulima bondeni," naye kaweka figa moja. Mlimaji ana watoto. Atarudi.

Mwalimu akifundisha herufi tu, a-e-i-o-u, bila kugusa choo wala mchicha, wanafunzi watamwuliza: "Mwalimu, tunasoma ili iweje?"

Lakini mama mwenye nyumba, wapangaji, mlimaji na mama lishe wakikaa baraza moja na mjumbe wao, wakafuata uchafu hatua kwa hatua kama tulivyofanya sisi, kila mmoja ataona mahali pake pa kuukata mnyororo. Haihitaji kukatwa mahali pote siku moja. Ukikatwa hata mahali pamoja, mtoto mmoja hatameza.

Turudi nyumbani kwetu kwa mfano. Mvua haijanyesha bado. Jioni wote wako uani.

"Mama," anasema mpangaji wa chumba cha nyuma, mwanamke anayeuza maandazi, "mimi nitatunza daftari. Kila Jumamosi nagonga mlango. Asiyetoa nitamsoma jina hapa hapa."

"Na kijana wangu?" anauliza mama mwenye nyumba. "Yeye hana kazi."

"Asiye na hela atatoa jasho. Aoshe choo, ajaze kibuyu chirizi."

"Na mwezi huu? Choo kimejaa leo, siyo mwakani."

Wote wananyamaza. Kisha mzee wa chumba cha tatu anasema, "Mwezi huu mimi nitalipa kodi ya miezi miwili mbele. Mama, chukua, itie kwenye choo. Mjukuu wangu analala nyumba hii."

Hakuna mgeni aliyewaambia. Walijua sababu, na wakajua tarehe.

SISI WA VIJIJINI TUFANYE NINI?

Kwenye choo:

- Kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa kisima, si wa juu.
- Ukichimba ukakuta maji, usiendelee. Rudisha udongo, kisha inua choo juu kwa tofali au kifusi.
- Tundu liwe na mfuniko. Nzi asiingie.
- Ikibaki nusu mita, kifunge. Fukia vizuri kwa udongo, chimba kingine. Juu ya shimo la zamani panda mgomba au mpapai. Utakula matunda bila kugusa uchafu.
- Usifukue shimo la zamani kupata mbolea kabla ya miaka 2.
- Mtu yeyote asiingie ndani ya shimo la choo kulisafisha. Mna hewa ya sumu, inaua kwa dakika chache.

Kwenye maji na mikono:

- Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa.
- Tundika kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Nawa utokapo chooni na kabla ya kushika chakula.

Kwenye bustani:

- Usimwagilie kwa maji ya mtaro. Kama huna mengine ila ya mto, mwaga kwenye shina, si juu ya majani.
- Acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Jua litaua vijidudu vingi.
- Samadi ioze kwanza. Usitie mbichi kwenye mboga.
- Osha mboga kwa maji safi. Zinazopikika, zipike.
- Lakini jueni hili: uchafu wa viwandani hauondoki kwa kuchemsha. Penye maji ya kiwanda tusilime mboga za kula.

Mtaona hayo yote si ya gharama kubwa. Yanataka kukumbukwa tu. Ndiyo maana tunaomba kila nyumba iandike ukutani kwa mkaa au chaki, karibu na choo, maneno haya: KILICHIMBWA MWAKA ... KITAJAA MWAKA ... Mtoto wa darasa la tatu akiyasoma, ataanza kuuliza. Na mtoto akiuliza, mzazi hana pa kukimbilia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba ya mfano, nani alikosea? Je, kumlaumu mtu mmoja kungemponya mtoto?
2. Chora njia ya uchafu katika kijiji chetu, toka chooni mpaka kwenye sahani. Tuukate mnyororo wapi kwanza?
3. Wazee waliokuwapo mwaka 1973 waeleze: kikundi chao kilifanya nini? Nini kimebaki? Nini kimelala, na kwa nini?
4. Mzee wa chumba cha tatu alilipa kodi mbele. Je, kijijini kwetu, choo cha mjane au cha mgonjwa kikijaa, nani atachimba?
5. Piga hesabu ya choo chako. Kitajaa mwaka gani?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kutapisha choo: kutoboa shimo la choo ili uchafu utoke na maji ya mvua.
Majitaka: maji machafu ya chooni, bafuni na jikoni.
Kibuyu chirizi: kibuyu au dumu lililotobolewa na kutundikwa, linalotoa maji kidogo kidogo ya kunawa.
Mlipuko: ugonjwa kuzuka na kuenea kwa haraka.

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanakikundi apite nyumba tatu za jirani. Asiende kukagua kama askari. Aende na daftari, asalimie, aulize: choo kilichimbwa lini, watu ni wangapi, kina cha shimo ni mita ngapi. Hesabu ipigwe pale pale, pamoja na wenye nyumba. Wiki ijayo kikundi kikutane, kisomewe majibu yote, kiamue choo cha nani kianze.

Ndugu wasomaji, choo kina mwisho. Elimu haina mwisho. Tuanze na choo.